Kitufe cha Kidole Kisichokuwepo

Shemeji yangu Ngusa simwonei huruma, na nataka hilo lieleweke mapema kabla hujaanza kutikisa kichwa. Watu wakisikia mtu ni kipofu sauti zinawalegea, wanaanza "masikini, masikini" kana kwamba msiba umeingia. Mimi sina muda huo. Huyu bwana anakula chakula changu akilalamika chumvi. Kila siku ya Mungu ananitania kwamba mimi Mhaya nimekimbilia Shinyanga kwa kuwa ndizi za kwetu zilinishinda kumenya. Mtu wa namna hiyo unamwoneaje huruma?

Jina lake Ngusa Bujiku, mzaliwa wa Samuye, mdogo wa mwisho wa mke wangu Vumilia. Ujanani aliwaacha ng'ombe wa baba yake akaenda Geita kuchimba dhahabu, kama walivyofanya wenzake wengi pale kijijini. Kule mashimo ya wachimbaji wanayaita maduara. Siku moja, ndani ya duara, baruti waliyodhani imekufa ililipuka mbele yake. Ilichukua macho yote mawili na kidole kidogo cha mkono wa kushoto. Macho kila mtu anayauliza, lakini kidole hicho usikisahau, maana kitaleta kazi huko mbele.

Vumilia ndiye aliyemfuata Geita akamleta kwetu Kambarage, hapa Shinyanga mjini. Alimlisha, alimfulia, alimshika mkono mpaka mlangoni pa choo na kumsubiri hapo, akimwuliza kila mara kama yuko salama. Ngusa alikaa barazani kwetu mwaka mzima na zaidi, hasemi, anasikiliza redio tu. Baadaye alipata nafasi kwenye chuo kimoja cha wasioona, mbali na huku, akafundishwa kompyuta inayosema. Alirudi mtu mwingine. Alikwenda mwenyewe na fimbo yake nyeupe mpaka kituo cha redio cha hapa mjini, akamwambia meneja, Bwana Donatus, kwamba anataka kutangaza. Donatus alikuwa ameshaingiza mkono mfukoni atafute sarafu ya kumpa. Lo! Mpaka leo akikumbushwa anaangalia chini.

Basi Ngusa akapewa kipindi cha salamu cha jioni. Unakijua hicho hata kama hukijui: Mama Fulani wa mahali fulani anamsalimia mumewe aliyeko machimboni, mchunga ng'ombe anamsalimia binamu yake, fundi anasalimia wateja wote isipokuwa wale wabishi. Wasikilizaji wanatuma ujumbe kwa simu, ujumbe unatokea kwenye kompyuta ya studio. Ndani ya kompyuta kuna programu inayosoma kila kilichoandikwa kwenye skrini, sauti yake kama ya mtu mwenye mafua aliyechelewa basi. Sauti hiyo inaingia kwenye sikio lake la kushoto kwa kifaa kidogo, na yeye anairudisha hewani kwa sauti yake nzuri ya Kisukuma, taratibu, kana kwamba anasoma karatasi. Sikio linatangulia, mdomo unafuata. Kila ujumbe anaujua kabla yenu.

Na mkono wa kulia je? Hapo ndipo penye siri ya kazi. Kompyuta ile ya zamani ilikuwa na kibodi kubwa, ile yenye kundi la namba peke yake upande wa kulia. Kwa watu kama Ngusa, zile namba si namba. Moja inasoma mstari, nyingine neno, nyingine herufi. Kando yake kuna kitufe cha Insert, ambacho ukikishika pamoja na kingine kinakuwa amri. Mkono wake ulitembea pale kama wa mama anayechambua mchele, bila kufikiri. Mama yao kule Samuye alikuwa anawaambia majirani kwamba mwanawe ameanza kuona. Hatukumbishia.

Sasa umeme. Jioni moja ulikatika, ukarudi kwa hasira, kompyuta ikatoa moshi na ndio ukawa mwisho wake. Donatus akasema hataki tena vitu vya kutegemea ukuta, akanunua laptopu yenye betri. Ndogo hiyo! Upana wake kama trei ya mayai. Aliileta kwetu ili Ngusa aizoee, na mke wangu akaipokea kwa mikono miwili.

Ngusa alipitisha vidole juu yake, kushoto mpaka kulia. Alipofika ukingoni mkono ukaendelea na safari, ukaangukia mezani.

"Shemeji, hii imekatwa," akasema.

"Imekatwa nini?"

"Upande wa kulia wote. Namba hazipo. Na Insert haipo."

Nikaangalia. Kweli, waliobana kile kidude wasizidishe ukubwa walikuwa wametupa nje kila kitu alichokuwa anakitumia. Nilitukana kidogo, kwa Kihaya, ili mke wangu asielewe.

Kipindi hakisubiri mtu, kwa hiyo Vumilia akajitolea. Yeye ni fundi cherehani. Akawa anafunga mapema, anakwenda studio, anakaa karibu na mdogo wake na simu ya kipindi, ile inayopokea salamu, anamnong'oneza ujumbe mmoja mmoja. Ngusa anasema hewani. Mke wangu aliipenda kazi ile, tusidanganyane. Alianza kuvaa vizuri kwenda kwenye chumba ambacho hakuna anayemwona.

Ni katika siku hizo nilipoanza kumsikia Bibi Philomena wa Didia. Mimi natengeneza redio na simu, kwa hiyo dukani kwangu kuna redio inayosema wakati wote. "Salamu zinatoka kwa Bibi Philomena wa Didia," anasema Ngusa, "anasema akisikia sauti yangu ndipo anapojua ni wakati wa kurudisha mbuzi zizini. Anasema pia nivae sweta, upepo wa jioni ni mbaya." Nikacheka. Kesho yake tena Bibi Philomena: mbuzi wamerudi salama, na Ngusa asikae muda mrefu bila kunywa maji. Keshokutwa yake tena. Nikasema moyoni, huyu bibi ana vocha huyu!

Jioni moja Vumilia alirudi na ile simu ya kipindi, akaiacha juu ya meza akaenda jikoni. Niliishika nimtafute Bibi Philomena, nimwone anavyoandika. Hakuwepo. Nikarudi nyuma, nikarudi tena. Hakuwahi kuwepo. Nilichokikuta ni hiki: "Huyo kipofu mnamweka wa nini? Mpeni kazi mtu anayeona." Na kingine: "Kipofu arudi barabarani akaombe." Vilikuwepo vya namna hiyo kila siku, katikati ya salamu za watu wazuri. Nikatamani kupiga namba hizo moja baada ya moja.

Nilimfuata jikoni. "Mama Noela, Philomena ni nani?"

Akafunika sufuria kwa kishindo. "Kwani wewe ungemsomea yale?"

"Sijasema umsomee. Nauliza Philomena."

"Nikiruka mmoja panabaki pengo, anajua nimeruka. Ndiyo nikawa naweka kitu." Kisha akageuka akanitazama, macho yamejaa. "Nimemtoa Geita nikiwa nimemfunga kitambaa usoni, Baba Noela. Kitambaa kimelowa. Sikumtoa kule aje atukanwe na mtu wa bando la buku."

Nikairudisha ile simu mezani.

Mambo yangeendelea hivyo, ila Donatus akamwita Ngusa. Hakuwa mkali. Alisema studio si mahali pa kuingia mtu asiye mwajiriwa, wakubwa wake wameshauliza mara mbili yule mama ni nani. "Jumatatu uingie mwenyewe na laptopu. Ukishindwa, kipindi nitampa Ritha, na wewe nitakutafutia kitu kingine." Ritha ni mtangazaji wao wa asubuhi, msichana mzuri tu. Hicho kitu kingine sote tulikijua: kiti cha mapokezi na tabasamu.

Ngusa akampigia simu Masalu, rafiki yake wa chuoni, asiyeona pia, mwalimu huko Geita. Nilikaa pembeni nikiwasikiliza. Masalu alisema njia zipo, achague. Achomeke kibodi kubwa ya nje. Au anunue kibao kidogo cha namba peke yake, akiweke kulia. Au abadilishe mpangilio ndani ya programu yenyewe, aiambie kwamba sasa inakaa kwenye laptopu, na kile kitufe cha herufi kubwa cha kushoto kiwe ndicho kitufe cha amri badala ya Insert.

"Hiyo ya mwisho sitaki," akasema Ngusa upesi.

Tukajaribu ya kwanza. Kibodi kubwa niliitoa dukani kwangu, nzima kabisa, ila ilikuwa na kelele. Walipoijaribu studio, maikrofoni iliyameza makelele yote ikayatoa hewani. Donatus akasema inasikika kama mtu anakaanga bisi nyuma ya salamu. Kibao cha namba tukakiagiza Mwanza, kikaja, kizuri, Ngusa akakishika akatabasamu kama amekutana na ndugu. Lakini laptopu ile ilikuwa na matundu mawili tu: moja la waya wa sauti, moja la kile kidude cha mtandao. Ungechomoa kipi? Nilichomeka kifaa cha kugawa tundu, sauti ikaanza kukwaruza. Nikakitupa.

Ikabaki ile ya mwisho, na hapo ndipo akaniambia kwa nini hakuitaka. Alinyoosha mkono wa kushoto mbele ya uso wangu.

"Kile kitufe kinakaa chini ya kidole gani, shemeji?"

Kidole kidogo. Cha kushoto. Kile kilichobaki Geita.

Nikamwambia, "Basi tumia cha jirani, hakijalipa kodi siku nyingi." Alicheka, akanitukana, tukaanza.

Mazoezi yalikuwa mchana, barazani kwetu. Anashika kitufe cha herufi kubwa kwa kidole cha pete, mkono umepinda, kisha mshale wa juu: mstari unasomwa. Anashika, anabonyeza nukta: inataja herufi. Anashika, anabonyeza A: inasoma yote mpaka mwisho. Kwenye karatasi ni rahisi. Lakini kidole cha pete kikienda kushoto, mkono mzima unahama, na akirudi hajui tena yuko wapi. Akitaka A anapata kitu kingine. Akibonyeza kile kitufe mara mbili kwa haraka, herufi kubwa zinawaka kweli. Mkono wa kulia nao, mkaidi, kila wakati unatoka nje ya mashine kutafuta namba ambazo hazipo, unapapasa meza. Nilichoka kuutazama mkono ule.

Vumilia alikuwa anapita na kurudi na nguo za wateja. "Acha hicho kidude, Ngusa. Mimi nitaongea na Donatus."

"Utaongea nini?"

"Nitamwambia aniajiri hata bure! Kwani mimi nimeshindwa nini? Macho yangu hayakutoshi?"

Ngusa aliinua uso. "Macho yako mazuri mno, dada. Ndiyo tatizo."

Vumilia alisimama na gauni la mtu mkononi. Aliniangalia mimi. Nikaangalia kuku.

Ijumaa ikafika na bado anapotea. Nikakaa karibu yake, nikagundua kidole gumba chake kinasugua vile vitufe vya katikati, kinasugua, kinasugua.

"Unatafuta nini hapo?"

"Kipele. Kwenye F na kwenye J huwa kuna kipele, ndipo mikono inapojua nyumbani. Hizi ndogo nadhani hawaweki."

Hawaweki? Mimi nimefungua laptopu ngapi maishani! Niliinama nikaangalia vizuri, na nusura nimwage chai. Juu ya kibodi nzima kulikuwa na ngozi ya plastiki, nyembamba, safi, imekatwa ikakaa sawasawa na kubanwa pembeni. Sisi tunajijua. Rimoti ya televisheni inavalishwa nailoni, makochi yanabaki na plastiki yake mpaka watoto waoe, na kwa vumbi hili la Shinyanga kitu kipya hakiachwi uchi.

"Mama Noela!" nikaita. "Nani kaivisha hii koti?"

Akatoka. "Mimi. Siku ileile ilipokuja, kabla hajaishika. Vumbi lingeingia. Kwani nimekosa nini?"

Ngusa alitafuta ukingo kwa ukucha, akaupata, akavuta. Plastiki ikatoka yote kwa mara moja, ikilia. Akarudisha mikono juu ya vitufe. Nikaona vidole vya shahada vikisimama, kimoja hapa, kimoja pale, na mabega yake yakashuka.

"Kumbe nyumbani kulikuwepo," akasema.

Kuanzia hapo kidole cha pete kilikwenda kushoto na kikarudi, kilikwenda na kikarudi. Vumilia aliiokota ile plastiki, akaikunja vizuri, akaiweka kwenye mfuko wa gauni lake. Jumamosi na Jumapili hakusema neno juu ya studio.

Jumatatu Ngusa aliondoka mwenyewe, akapitia dukani kwangu na kutundika sweta yake msumarini kwa sababu ya joto. Mke wangu alikuja dukani kwangu, akakaa kwenye kile kibao cha wateja mbele ya redio, miguu imebanana, kama mtu anayesubiri majibu hospitali. Muziki wa kufungulia kipindi ukapigwa, ukaisha. Kisha kimya.

Kimya cha redio si kama kimya cha watu, nakwambia. Nilihesabu vitu vyangu vyote mezani kwa macho. Vumilia alinishika mkono akanifinya. "Amepotea," akasema. "Mungu wangu, amepotea."

"Mwadila, wasikilizaji," ikaja sauti yake, kwa salamu ya jioni ya Kisukuma. "Samahani, nilikuwa nafika nyumbani."

Akaanza. Salamu za kwanza zikaenda vizuri, za pili zikajikwaa kidogo, za tatu zikatoka kama siku za zamani. Mke wangu akaanza kupumua. Nami nikarudi kwenye simu niliyokuwa nafungua. Ndipo akasita. Nilijua kusita kule: sikio limetangulia, limeshasikia, mdomo bado. Angeweza kuruka. Kubonyeza mshale tu, nani angejua?

"Ujumbe unaofuata hauna jina," akasema. "Unasema hivi: 'Huyu kipofu bado yupo tu? Mpeni kazi mtu anayeona.'"

Vumilia akasimama wima. "Asisome! Kwa nini anasoma?"

"Ndugu yangu," Ngusa akaendelea, taratibu vilevile, "ndiyo, bado nipo. Na ujumbe wako nimeusoma mwenyewe, herufi kwa herufi, kwa hiyo ukitaka kutuma mwingine kesho, utanikuta hapahapa. Sasa tuwasalimie wachimbaji wote waliotoka duarani salama leo."

Jamani, mimi si mtu wa machozi, ila bisibisi ilinianguka. Mke wangu alikuwa bado amesimama, mkono mdomoni. Sikujua kama ni hasira au ni nini. Nadhani na yeye hakujua.

Kipindi kilikwenda mpaka karibu na mwisho. Nikanyoosha mkono nipunguze sauti, nimpe maji ya kunywa, ndipo tukasikia:

"Na salamu za mwisho jioni hii zinatoka kwa Bibi Philomena wa Didia."

"Sijatuma mimi," Vumilia akanong'ona. Akanigeukia. "Baba Noela, haki ya Mungu, sijatuma!"

"Bibi anasema, mbuzi wake sasa wanaijua njia ya zizini, hana haja ya kuwafuata tena kila jioni. Anasema yupo beberu mmoja mkorofi aliyemchosha kuliko wote. Aliutembea mwendo mrefu kumleta nyumbani, amemfunga kitambaa. Beberu huyo ameniomba niseme kwa niaba yake: wabeja, dada, asante sana. Nilikujua tangu salamu ya kwanza. Didia nzima hakuna anayejali kama nimevaa sweta."

Muziki ukapigwa. Vumilia alikaa chini, akalia kwa sauti, bila aibu, mbele ya mteja aliyekuwa ameleta chaji yake. Yule mteja akaweka chaji mezani akatoka taratibu. Mimi nilikaa karibu yake nikashindwa kupata hata utani mmoja, mimi Valerian.

Alilia mpaka akatosheka. Akajifuta uso kwa khanga, akavuta kamasi, kisha macho yake yakaangukia msumari wa mlangoni kwangu.

"Na hakuvaa!" akasema kwa ukali. "Si ile pale? Ameiacha!"

Akaitoa sweta msumarini, akaikung'uta vumbi, akaondoka nayo haraka kuelekea redioni. Nilifunga duka nikamfuata kwa nyuma. Nilimkuta nje ya geti la kituo, amesimama na sweta mkononi, anasubiri. Mlinzi anamjua, alishamfungulia mlango na kumwambia apite tu, mama, kama siku zote.

"Hapana, baba," akamwambia. "Leo atatoka mwenyewe."